MBA ya watendaji: jioni Unguja, wikiendi Dar au moduli Nairobi?

Mvumilivu07
Assalamu alaykum wanajamvi. Nataka kuanza MBA (shahada ya uzamili ya uendeshaji biashara) ya watendaji huku naendelea na kazi. Nimebakiwa na njia tatu: masomo ya jioni Unguja, wikiendi Dar, au chuo cha Nairobi kinachofundisha kwa moduli za siku tano tano. Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi na pesa ya fomu hairudi. Ipi bora kwa mtu aliye kazini?

Darajani_Hesabu
Waalaykum salaam. Ndugu, swali halijibiki hivyo ulivyoliweka. Unafanya kazi gani? Miaka mingapi, na unasimamia watu? Nani analipa? Vyuo vyenye ithibati ya AMBA, jumuiya ya kimataifa ya MBA, hudai angalau miaka 3 ya kazi baada ya shahada ya kwanza, na kozi nyingi za watendaji zinataka zaidi ya hapo, kwa sababu nusu ya somo ni kile mnachokuja nacho wanafunzi wenyewe.

Bintiwete
Kabla ya yote piga hesabu ya saa. Shahada ya uzamili kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) haipungui krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Jumla saa 1,800. Ukimaliza kwa miaka miwili ni saa 17 na kitu kila wiki, Ramadhani na Idi zimo humo humo. Ukitaka miezi 18 inapanda hadi 23. Chuo kikikwambia "utasoma Jumamosi tu", waulize hizo saa nyengine wamezipanga wapi.

Maalim_Tunguu
Na tusichanganye mambo. MBA ya jioni, mara nyingi, ni kozi ya mchana iliyosogezwa saa. Ya watendaji ilianza Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1943, kwa mameneja wasioweza kuacha viti vyao, na thamani yake iko kwenye kile unachokifanya ofisini baina ya moduli moja na nyengine. Ikipangwa vizuri, unatumiwa visomo wiki tatu au nne kabla. Darasani unakuja na takwimu za sehemu yako, si za kampuni ya Marekani iliyomo kitabuni. Ukirudi una wiki kadhaa za kuijaribu kazini mbinu uliyofundishwa, kisha unaandika kilichokubali, kilichogoma na sababu yake. Kwa hiyo waulize vyuo vyote vitatu: asaimenti ngapi zinatoka kazini kwangu, na anayesahihisha amewahi kuendesha biashara? Wakijibu "tasnifu ya mwisho peke yake", hiyo ni MBA ya kawaida iliyobadilishwa jina.

Nahodha_K
Mie nasema Dar wikiendi. Darasa la Dar lina watu wa benki, bandari, viwanda, simu. Huwapati wote hao pahala pamoja huku kwetu.

Bintiwete
Kaka Nahodha, boti unaijua. Ya kwanza ya asubuhi inaondoka Malindi saa moja, safari ni kama saa mbili, na hapo hujatoka bandarini. Kipindi cha kwanza cha Jumamosi kimekupita. Lazima avuke Ijumaa alasiri na alale Dar, kwa hiyo kila wikiendi ya masomo aihesabu na malazi na nusu siku ya ruhusa. Kusi ikikaza, boti zinachelewa au zinazuiwa.

Mvumilivu07
Samahani, nimeacha mengi. Niko Chake. Kampuni binafsi ya kununua na kusafirisha mwani, mwaka wa sita huu, nasimamia vituo vya ununuzi na ghala. Tajiri amesema atalipa nusu. Hatujaandikiana.

Bintiwete
Chake! Hilo ndilo la kuanza nalo, kaka yangu. Jioni Unguja imeshakufa hapo hapo. Na Dar kila wikiendi kutoka Pemba mara nyingi ni vyombo viwili kwenda na viwili kurudi. Chuo Kikuu Huria kina kituo Pemba, lakini huko ni kusoma kwa masafa, hutapata lile darasa analolisema Maalim.

Nahodha_K
Kama ni mwani, nimerudi nyuma. Bamvua, yale maji yanayojaa na kutoka sana mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, haijali Jumamosi. Inakuja kila siku 14 na robo tatu hivi, kwa hiyo kwenye wiki inasogea kidogo kidogo: kuna kipindi itaangukia wikiendi mara kadhaa mfululizo, kisha miezi inapishana nazo. Siku hizo ndizo za kuvuna, na siku mbili tatu baadaye vituo vinajaa. Chukua ratiba ya moduli na kalenda ya mwezi uziweke pamoja. Moduli nne au tano kwa mwaka unaweza kuzipangia mtu wa kukushikia. Wikiendi ishirini huwezi.

Darajani_Hesabu
Na hili la "tajiri amesema" linanitia khofu. Kuna mwanafunzi wa kozi kama hizi, mkuu wa manunuzi kwenye hoteli ya pwani ya mashariki. Mradi wake ulikuwa upotevu wa chakula stoo, mradi mzuri kabisa. Ruhusa alipewa kwa mdomo na meneja mkuu. Katikati meneja akahamishwa, aliyekuja akasema bei za wazabuni hazitoki nje. Msimamizi chuoni naye hakubali ripoti isiyo na takwimu. Akabadilisha mada, akataka kuhoji hoteli nyengine, hapo akagundua anahitaji kibali cha utafiti cha Zanzibar, na barua ya chuo cha bara peke yake haikutosha. Semesta mbili zikaenda, na ada ya kuongeza muda akalipa mwenyewe, kwa sababu ahadi ya mwajiri nayo ilikuwa ya mdomo.

Kwa hiyo ipate barua moja kabla ya kulipa fomu. Iandike siku za ruhusa kwa mwaka, nusu ya ada inalipwa lini (mwanzo wa semesta au baada ya kufaulu, tofauti yake ni kubwa), utaitumikia kampuni muda gani baadaye, na ukiondoka mapema deni linapungua vipi kwa kila mwezi uliotumikia. Takwimu zipi unaweza kuzitumia na zipi zifichwe majina. Isainiwe kwa niaba ya kampuni, si ya mtu.

Maalim_Tunguu
Ahsante Darajani. Mradi wenyewe anao tayari mkononi. Mvumilivu, mwani unaununua kwa unyevu wa asilimia ngapi?

Mvumilivu07
Kwa mkono, Maalim. Wanaubinya tu. Kwenye kontena tunatakiwa 35 hivi.

Maalim_Tunguu
Basi tazama. Kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 40 zina kilo 600 za mwani hasa. Unyevu ukishuka hadi asilimia 35, mzani wa ghala unasoma kilo 923. Kilo 77 umezilipia na hazipo. Mwingereza Reg Revans, aliyeanza kufundisha mameneja wa migodi ya makaa ya mawe kwa njia hii, alikuwa anawaweka watu watano sita pamoja, kila mmoja na tatizo lake la kweli, na wenzake kazi yao kuuliza tu. Lipeleke hili kwenye kundi kama hilo.

Bintiwete
Maalim, nakuheshimu, lakini hilo ni suala la ghala. Nunua kipima unyevu, limekwisha. Halihitaji shahada.

Maalim_Tunguu
Kipima kitakwambia unyevu, hakitakwambia nani abebe hasara. Ukikata bei kwa mkulima aliyeleta mwani mbichi, kesho anauza kwa kampuni ya jirani. Ukimuongeza aliyekausha vizuri, hiyo ziada inatoka fungu gani? Hapo pana bei, ushindani na mkataba wa mnunuzi wa nje kwa pamoja.

Nahodha_K
Na mchanga je? Unaoanikwa chini unabeba mchanga, nao unaingia kwenye uzito. Wapeni kina mama chanja za kuanikia kwanza, ndipo mzungumze bei.

Mvumilivu07
Chanja tuligawa Micheweni, vituo vya kusini bado. Nairobi wamenijibu leo: moduli ya kwanza inaangukia siku mbili baada ya mwezi mpevu. Naonana na tajiri Jumatatu kwa ile barua.

Bintiwete
Siku mbili baada ya mpevu ndipo bamvua imeshika. Waulize kama moduli ya kwanza inaweza kusomwa na kundi linalofuata.

Nahodha_K
Hizo chanja za Micheweni ni za miti au za nyavu?