Pawasaplai ya kuaminika kwa bajeti ndogo: nitazame nini kabla ya kununua?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salamu. Naomba ushauri wenu kuhusu uchaguzi wa pawasaplai, yaani kifaa kinachoilisha umeme kompyuta ya mezani, kwa kuwa fedha niliyonayo ni kidogo na sitaki kununua kifaa kitakachonirudisha dukani baada ya miezi michache.

Kompyuta yangu ina prosesa ya AMD Ryzen 5 5600, kadi ya grafiki ya Radeon RX 6600, RAM mbili, SSD moja na diski kuu moja ya kuzunguka. Pawasaplai iliyomo ilikuja pamoja na kasha, na ubavuni imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya wati 600. Nikiandika au nikiperuzi, mashine haina tatizo lolote. Nikihariri video au nikicheza mchezo mzito, inazimika ghafla kana kwamba mtu amechomoa waya ukutani, kisha baada ya sekunde chache inawaka yenyewe. Nimejaribu RAM nyingine, nimesafisha feni zote, nimepaka upya krimu ya kupitishia joto juu ya prosesa, na joto lenyewe halivuki nyuzi 70 za Selsiasi.

Rafiki yangu anasema ninunue ya wati 750 ili nimalize tatizo. Hata hivyo, zile za wati 750 ninazozimudu ni za majina nisiyoyajua, na kwa fedha hiyohiyo ninaweza kupata ya wati 450 au 500 ya kampuni inayofahamika. Ikiwa wati 600 hazikutosha, je, 500 zitatosha vipi? Kwenye lebo ya hii niliyonayo kuna jedwali ambalo sikulielewa vizuri. Mstari wa +12V umeandikwa 18A.

Jibu la kwanza

Ndugu, jibu la swali lako liko katika huo mstari wa mwisho ulioutaja, nami nakushukuru kwa kuusoma, kwa sababu wengi huishia kwenye ile namba kubwa ya ubavuni.

Pawasaplai hupokea umeme wa ukutani na kuugawa katika volti tatu kuu: 12, 5 na 3.3. Katika kompyuta ya leo, vilaji vikubwa viwili, yaani prosesa na kadi ya grafiki, hulishwa karibu kabisa na njia ya volti 12. Zidisha volti kwa ampea: 12 mara 18 ni wati 216. Huo ndio uwezo halisi wa pawasaplai yako kwa kazi unayoitaka, hata kama ubavuni ingeandikwa wati elfu moja.

Sasa tuhesabu mahitaji. Kadi ya RX 6600 imepangiwa wati 132. Prosesa yako ina kiwango cha wati 65, lakini inaruhusiwa kuvuka hapo inapofanya kazi nzito, kwa hiyo tuikadirie wati 90. Ubaomama (bodi kuu inayounganisha sehemu zote), RAM, feni na diski tuzipe wati 40 kwa pamoja. Jumla ni kama wati 260, na bado hatujagusa ile miruko ya muda mfupi sana ambamo kadi ya grafiki huvuta umeme kupita wastani wake. Unaiomba njia yenye wati 216 itoe zaidi ya 260. Kuzimika unakokuona huenda ni kinga ya ndani inayokata umeme, na kwa hilo una bahati, kwa sababu zipo zisizo na kinga hiyo ambazo huungua, na wakati mwingine huondoka na ubaomama.

Labda utajiuliza hizo 600 zilitoka wapi. Njia mojawapo ni kujumlisha uwezo wa kila volti kana kwamba zote zinaweza kubeba mzigo kamili kwa wakati mmoja, jambo lisilowezekana. Nyingine ni kuandika kiwango kinachofikiwa kwa kitambo kidogo sana badala ya kile kinachodumu. Aidha, zipo pawasaplai ambazo mpangilio wake wa ndani bado ni wa zamani, kabla Pentium 4 haijaingia mwaka 2000 na prosesa kuanza kulishwa kwa volti 12 badala ya volti 5. Lebo ya namna hiyo utaitambua kwa kuwa volti 5 na 3.3 zimepewa ampea nyingi huku volti 12 zikiachiwa kidogo.

Kwa hiyo ya wati 450 iliyo ya kweli, yenye ampea 36 hivi au zaidi kwenye volti 12, itakutosha. Ya 500 au 550 itakuachia nafasi ya kubadilisha kadi baadaye. Wati 750 huzihitaji.

Jibu la pili

Nakubaliana kikamilifu na hesabu ya mwenzangu. Nimetengeneza kompyuta kwa miaka mingi, na ningependa kuongeza mambo ambayo lebo ya ampea haiwezi kukuonyesha, kwa maana mtu anayeweza kudanganya wati anaweza pia kudanganya ampea.

La kwanza ni alama ya 80 PLUS. Mpango huu ulianza mwaka 2004, na unachopima ni ufanisi, yaani sehemu ya umeme wa ukutani inayofika ndani ya kompyuta badala ya kupotea kama joto. Kwa kipimo cha volti 115, ngazi ya Bronze hudai asilimia 82 kwenye mzigo wa asilimia 20, asilimia 85 kwenye nusu ya mzigo, na 82 kwenye mzigo kamili; Gold hudai 87, 90 na 87. Watu huichukulia alama hiyo kuwa cheti cha ubora wa jumla, nayo sivyo. Haisemi chochote kuhusu kapasita (vijenzi vya ndani vinavyohifadhi umeme) zilizotumika, wala feni, wala usafi wa volti zinazotoka, na hata kipimo chenyewe hufanywa kwenye joto la nyuzi 23 tu, ambalo ndani ya kasha lenye kadi ya grafiki ni nadra kulipata. Pamoja na hayo, kwa mwenye bajeti ndogo alama hiyo ina faida moja kubwa: ili kuipata, pawasaplai hupimwa ikiwa imebeba mzigo kamili ulioandikwa kwenye lebo. Iliyopewa alama hiyo kihalali haiwezi kuwa na uongo wa 600 dhidi ya 216. Orodha ya zilizothibitishwa iko wazi kwenye tovuti ya mpango huo. Tafuta namba ya modeli humo kabla ya kulipa, kwa kuwa kibandiko chenyewe mtu yeyote anaweza kukichapisha.

Usijinyime ili upate Gold. Kwa mzigo wako wa wati 260, yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta ukutani kama wati 306, na ya asilimia 90 itavuta kama 289. Tofauti ni wati 17, tena wakati wa kazi nzito tu. Ikiwa bei zinakaribiana, chukua Gold, kwa kuwa mara nyingi hujengwa vizuri zaidi; ikiwa ziko mbali, Bronze nzuri haitakuangusha.

La pili ni kinga. Tafuta kwenye maelezo ya mtengenezaji kinga dhidi ya shoti, dhidi ya volti kuzidi na volti kupungua, dhidi ya mzigo kuzidi, na dhidi ya joto kupita kiasi. Hii ya joto ndiyo inayorukwa zaidi kwenye zile za bei ya chini, na ndiyo ninayoilia zaidi, kwa sababu feni ikifa kimya kimya hakuna kitu kingine kitakachozuia vilivyomo ndani visiungue.

La tatu ni dhamana. Mtengenezaji anayetoa miaka mitano amehesabu kwamba chache sana zitarudi. Anayetoa miezi sita naye amehesabu. Kwangu mimi hicho ni kielelezo cha kweli kuliko maandishi yoyote ya kwenye boksi. Soma pia uchambuzi wa modeli yenyewe, uliofanywa na mtu aliyeipima kwa vifaa, wala si wa jina la kampuni kwa ujumla, kwani kampuni moja inaweza kuuza mfululizo mzuri na mwingine dhaifu, na nyingi haziundi pawasaplai zenyewe bali huagiza kwa viwanda vingine.

Jibu la tatu

Naomba kutofautiana kidogo, au tuseme kuongeza njia ambayo haijatajwa. Kwa fedha kidogo, je, si heri pawasaplai iliyotumika ya mfululizo unaosifika kuliko mpya isiyojulikana? Mimi ninatumia ya namna hiyo kwa mwaka wa tatu sasa bila shida. Nilihakikisha tu kwamba dhamana yake ya awali ilikuwa haijaisha, na kwamba ilikuja na kebo zake zote.

Jibu la pili, tena

Ndugu yangu, ulivyofanya wewe ni sahihi kwa sababu uliangalia dhamana. Ninachohofia ni mtu kusikia nusu ya ushauri wako na kununua iliyokaa miaka minane ndani ya mashine ya ofisi. Kapasita za ndani huzeeka hata zikitunzwa. Kwa kanuni inayotumiwa na mafundi, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu, ndiyo maana ile iliyoandikwa 105°C hupendelewa kuliko ya 85°C. Macho hayatakuonyesha kapasita ilipofikia, na kufungua kuangalia sikushauri kamwe, kwa kuwa kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa.

Jaribio maarufu la kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa, ambalo wauzaji wa vilivyotumika hulionyesha, linathibitisha jambo moja tu: kwamba inawaka. Halisemi itafanya nini ikibebeshwa wati 260.

Na kuhusu kebo, uliyoyasema yana uzito kuliko ulivyoyaandika. Kwa zile ambazo kebo zake huchomoka, mpangilio wa pini upande wa pawasaplai haufuati kiwango kimoja. Plagi ya kampuni nyingine inaweza kuingia vizuri kabisa, kisha ikapeleka volti 12 mahali panapotarajia volti 5, na diski ikafa papo hapo. Nimeona diski zenye kazi za miaka zikipotea kwa njia hiyo, na nisingependa limpate mtu mwingine. Pawasaplai iliyotumika isiyo na kebo zake mwenyewe isinunuliwe.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Nimerudi na machaguo mawili yenye bei inayokaribiana. Ya kwanza imeandikwa wati 650, volti 12 ina ampea 30, haina alama ya 80 PLUS, dhamana mwaka mmoja. Ya pili ni ya wati 500, volti 12 ina ampea 40, ni Bronze na nimeikuta kwenye orodha, dhamana miaka mitano, lakini ina kebo moja tu ya kadi ya grafiki. Je, kebo moja itanitosha?

Jibu la kwanza, tena

Chukua ya pili. Ile ya 650 ina wati 360 kwenye volti 12, na ya 500 ina 480. Kwa maneno mengine, ndogo kwa jina ndiyo kubwa kwa kazi.

Kuhusu kebo, RX 6600 kwa kawaida huwa na tundu moja la pini 8, ambalo limepangiwa hadi wati 150, na ubaomama wenyewe huweza kuipa kadi wati 75 nyingine kupitia mahali inapochomekwa. Kebo moja inatosha. Hakikisha tu kwamba plagi yake ni ile ya pini 6 na 2, na usiichanganye na ile ya pini 4 na 4, ambayo ni ya prosesa. Pima pia kama kebo ya prosesa itafika pembe ya juu ya ubaomama ikipitia nyuma, kwa maana za bei ndogo huwa fupi. Ikiwa plagi za SATA, zile za kulisha diski na SSD, hazitoshi, epuka vile vigeuzi vya kutoka Molex (plagi ya zamani ya pini 4) kwenda SATA ambavyo kichwa chake kimemiminwa kwa plastiki moja, kwa kuwa vimewahi kushika moto. Vile ambavyo kila waya umebanwa peke yake ni salama zaidi.

Ukishafunga, iendeshe chini ya mzigo mzito na upime kwa multimita waya wa njano na mweusi kwenye plagi ya Molex isiyotumika. Inatakiwa kubaki kati ya volti 11.4 na 12.6. Usitegemee namba zinazoonyeshwa na programu, kwa kuwa vihisio vya ubaomama mara nyingi si sahihi.

Muulizaji

Nimeinunua ile ya wati 500 na kuifunga jana jioni. Kebo ya prosesa imefika, ingawa imebaki imekaza kidogo. Nimehariri video kwa saa mbili mfululizo huku feni zote zikizunguka kwa nguvu, na mashine haikuzimika hata mara moja. Multimita ilionyesha 12.1 mwanzoni na 12.0 mzigo ulipopanda. Ile ya zamani nimeiandikia kwa wino mkubwa "18A, isitumike na kadi ya grafiki", ili yeyote atakayeikuta kabatini asisome ile 600 peke yake.