Mjadala: Je, ni sawa kumsajili mtoto kwa herufi tupu?

Wapo wazazi wanaompa mtoto mchanga jina la herufi mbili au tatu tu, kama AJ au DK, mara nyingi zikiwa herufi za mwanzo za majina ya baba na mama, na hawaishii kumwita hivyo nyumbani bali ndivyo anavyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Wanaowatetea husema mtoto ni wao na jina ni lao kulitoa. Wanaowapinga husema jina hilo ni la ajabu. Mimi nawaunga mkono wapingaji, ingawa sababu yao siikubali.

Ugeni wa jina haunisumbui, kwa kuwa majina mengi yaliyozoeleka leo yaliwahi kuwa mageni masikioni mwa watu. Tabu ya herufi tupu ni kwamba kila anayezisoma huamini kuna jina kamili nyuma yake, hivyo mwenyewe huulizwa kila aendako, "Kirefu chake ni nini?", na akijibu kwamba hakuna, karani humtazama kama mtu anayeficha jambo, kisha humrudishia fomu aijaze upya.

Mwanamuziki Johnny Cash, aliyezaliwa Marekani mwaka 1932, aliitwa J.R. kwa sababu wazazi wake hawakuafikiana juu ya jina. Alipojiunga na Jeshi la Anga mwaka 1950, jeshi halikukubali herufi badala ya jina, ikambidi ajiandikishe kama John R. Cash. Uamuzi walioukwepa wazazi ukamwangukia mtoto, naye akaufanya kwa shinikizo la utaratibu wa ofisi. Nashuku kwamba herufi nyingi za namna hii ni suluhu ya mabishano ya watu wazima, ambayo gharama yake hulipwa na asiyekuwepo kwenye mabishano.

Najua nitajibiwa kwa mfano wa Harry S. Truman, rais wa zamani wa Marekani, ambaye S yake haikuwa kifupi cha neno lolote, bali iliwekwa ili kuwaenzi babu zake wote wawili, Anderson Shipp Truman na Solomon Young. Mfano huo hauniyumbishi, kwani herufi ile ilikaa katikati, ikitanguliwa na jina kamili la kumwitia.

Kuhusu tarakimu sina mengi ya kusema: mwaka 2020 bilionea Elon Musk na mwanamuziki Grimes walimwita mtoto wao X Æ A-12, na kwa kuwa California, jimbo la Marekani alikozaliwa, hairuhusu tarakimu katika jina, 12 ikageuzwa kuwa Xii.

Hata hivyo, sitaki herufi zipigwe marufuku. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unataka mtoto asajiliwe mara tu baada ya kuzaliwa, na mzazi anayerudishwa nyumbani na msajili huenda asirudi tena. Mtoto asiye na cheti ana shida kubwa kuliko mwenye jina fupi. Ninachopendekeza ni cheti kibebe majina kamili yanayozaa herufi hizo, kisha nyumbani aitwe AJ hata uzeeni. Anayeona pendekezo hili linamnyima mzazi haki yake, aeleze ni haki gani hasa inayopotea.