Saa 16, siku mbili kwa wiki au mlo mmoja: kipi chamfaa mbeba vyuma wa Mombasa?

Mtudor
Asalaam aleikum wanajamvi, na wengine hamjambo.

Nina miaka 34, nabeba vyuma mwaka wa tatu sasa, siku nne kwa wiki, katika jimu ya mtaani isiyo na feni hata moja. Baada ya Idi ndogo nilipanda mizani nikakuta kilo 86. Kaimati zilikuwa zimefanya kazi yake. Mke wangu alinicheka, mamangu akasema nimenawiri, na aliposema hivyo ndipo nikajua mambo yameharibika.

Nimejaribu mitindo mitatu ya kufunga, kila mmoja wiki sita, nikiandika uzani, kiuno na vyuma kwenye daftari. Sasa nataka kuchagua mmoja nidumu nao.

Wa kwanza ni saa 16 bila chakula, saa 8 za kula. Nilikuwa nala kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Asubuhi maji na kahawa tungu, bila kashata (na hapo ndipo penye jihadi, kwa sababu muuza kahawa yuko mlangoni kwetu). Jimu saa kumi na moja jioni, nikiwa nimeshakula mara moja. Nilitoka 86 nikafika 83 na nusu. Skwati (kuchuchumaa na kuinuka, chuma mabegani) ilibaki kilo 110 mara tano, haikupanda wala haikushuka.

Wa pili, siku tano kula kawaida na siku mbili chakula kidogo, kama kalori 600. Nilichagua Jumatatu na Alhamisi, siku za sunna, ila maji nilikunywa, kwa hivyo msiniandikie thawabu. Nilishuka hadi 82. Siku zenyewe si ngumu. Taabu ni kesho yake: Jumanne na Ijumaa ndizo siku zangu za miguu, na chuma kilikuwa kama kimetiwa saruji.

Wa tatu, mlo mmoja kwa siku, baada ya magharibi. Nilifika 79, mbio kuliko yote. Lakini skwati ilianguka hadi 95, benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) ikatoka 80 hadi 72 na nusu, na nyumbani nikawa mtu wa hasira. Sinia la watu watatu mbele yangu, na bado nikilala nasikia njaa.

Kwa mizani, mlo mmoja umeshinda. Kwa vyuma, saa 16. Wenzangu mwasemaje?

Mzee_wa_Hesabu
Daftari lako zuri, kijana, lakini ulinganisho una kasoro mbili. Mlo mmoja umeuweka mwisho, mwili ukiwa tayari na wiki kumi na mbili za kupunguziwa chakula. Ungeanza nao, huenda saa 16 ndiyo ingetoka na sura mbaya. Ya pili ni kubwa zaidi: hukutwambia ulikula protini gramu ngapi. Bila hilo twalinganisha saa ya ukutani, si chakula.

Italia mwaka 2016 walichukua wanaume 34 waliozoea vyuma, wiki 8. Nusu walikula saa saba mchana, saa kumi na saa mbili usiku, nusu wakala kwa saa za kawaida, protini karibu sawa. Waliofunga walipungua mafuta, misuli na nguvu vikabaki. (Homoni ya kiume ilishuka kwao, na wapenda kufunga hawalitaji hilo.) Kisha 2020, Marekani, watu 116 wenye uzito kupita kiasi waliambiwa ama wale saa sita mchana hadi saa mbili usiku ama wale kawaida, bila mpango wa vyuma wala wa protini. Baada ya wiki 12 tofauti ya uzani baina ya makundi ilikuwa ndogo mno kuitegemea, na kwa waliopimwa mwili kwa karibu, sehemu kubwa ya kilichopungua kwa wafungaji haikuwa mafuta.

Saa zile zile, matokeo mbali mbali. Mimi naona jawabu liko kwenye sahani na kwenye chuma.

Bibi_Chuma_Bamburi
Mzee umesema, ila wanawake umetusahau.

Mimi nala mapema: saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, jimu alfajiri. Kwa mwili ni raha, nalala vizuri, kiungulia kimeisha. Kwa maisha ya Mombasa ni adhabu. Harusi zetu usiku, mishikaki usiku, wageni wabisha hodi baada ya isha. Mtu akikuandalia samaki wa kupaka umwambie nimefunga mdomo tangu saa kumi? Atakuona una lako jambo.

La pili, nilipojivuta hadi saa 18 huku nabeba vizito siku tano, hedhi ilipotea miezi miwili. Nilirudi saa 13 au 14, nikaongeza chakula, ikarudi. Dada zangu, hilo likitokea msilipongeze eti ni kukauka vizuri. Mwili unalia njaa.

Kuli_wa_Changamwe
Nyinyi mwabeba kwa starehe, mimi nabeba kwa mshahara halafu naenda jimu 😂. Nikiwa zamu ya usiku bandarini, saa sita mchana yenu ndiyo usingizi wangu mkuu. Nilijaribu saa 16 kwa kufuata saa za watu wengine, nikajikuta naingia zamu tumbo tupu na kutoka tumbo tupu. Sasa nahesabu tangu nilipoamka: saa tano za mwanzo maji tu, kisha nala. Siku zamu zikibadilika, sifungi kabisa.

Mtudor, nikuulize. Hii miezi yako yote ilikuwa kusi. Ngoja kaskazi liingie na joto lake, Januari na Februari, ukiwa kwenye hiyo jimu bila feni. Mimi nilizimia mwezi wa pili, maji nimekunywa lakini chumvi sina mwilini. Sasa maji yangu ya jimu yana chumvi kidogo na ndimu.

Tabibu_Likoni
Niingilie kwa ufupi. Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya jamii ya glibenklamidi asianze lolote kati ya haya kwa kusoma hapa. Dawa inashusha sukari, njaa inashusha, mazoezi yanashusha, na wa kukuokota huenda asiwepo. Nenda kwa anayekuandikia dawa mpange dozi kwanza. Wajawazito na wanaonyonyesha, na mtu aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula, hili si lenu.

Halafu dafu si maji. Lina sukari. Ukilinywa saa tatu asubuhi, umeshafuturu.

Mtudor
Kuhusu dafu umenivunja moyo, daktari.

Mzee, nimerudi daftarini nikahesabu, nimeona haya. Wakati wa saa 16 nilikuwa napata protini gramu 120 hivi. Wakati wa mlo mmoja, siku nyingi hazikufika 80. Wali wa nazi ulikuwa ukinijaza kabla sijafika kwenye samaki.

Mzee_wa_Hesabu
Ndiyo hapo. Kiwango kinachotajwa sana kwa wabeba vyuma ni kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 82 ni gramu 131. Yai moja lina 6 hivi. Samaki aliyepikwa, gramu 100 zina 22 au zaidi kidogo. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa, 15. Ukitaka zote kwa mlo mmoja ni kama nusu kilo ya samaki wa kupikwa na mayai mawili juu yake, kila siku ya Mungu. Ukigawa mara tatu ndani ya saa 8, ni chakula cha binadamu: mayai manne na maharagwe saa sita, samaki saa kumi, kuku na maziwa saa mbili kasoro.

Na tui lipime. Mbaazi za nazi na mahamri mawili ni tamu, lakini kalori nyingi pale ni za mafuta na wanga.

Bibi_Chuma_Bamburi
Kwa siku mbili kwa wiki, mimi sikatai kama Mtudor anavyokataa. Dadangu anafanya hivyo, ila miguu anaiweka Jumatano na Jumamosi, na siku ya njaa anatembea tu kando ya bahari pale Mama Ngina. Wewe kaka uliziweka siku za miguu mara tu baada ya njaa, halafu ukalaumu mtindo.

Mtudor
Umenipata, dada.

Basi nimeamua. Kuanzia Jumamosi narudi saa 16, lakini si kwa wiki sita, kwa kumi na mbili, na protini 130 naiandika kila siku kabla ya uzani. Jimu inabaki jioni. Ijumaa nafungua saa saba baada ya sala, kwa sababu biriani ya mamangu haina mjadala, na nitaihesabu kijiko kwa kijiko. Skwati ikishuka chini ya 95 ilipo sasa, nakula asubuhi, kwisha. Ramadhani tutazungumza mbali: mimi hubeba baada ya tarawehe, kabla ya magharibi sithubutu.

Kuli_wa_Changamwe
Hiyo jimu bila feni iko Tudor upande gani? Yetu ina feni tatu, vyuma vya kilo 20 viwili tu.