Programu niliifuta mwaka jana, makato bado yanaendelea. Huu ni wizi!

Wakuu, nina hasira, mnisamehe nikiandika vibaya.

Mwezi uliopita luku imekata saa mbili usiku, salio kwenye simu hakuna. Mama watoto akauliza swali moja tu: "Hela inaishia wapi?" Sinywi, sibeti. Kesho yake nikapita benki hapa Dodoma mjini, nikachukua taarifa ya miezi sita, nikakaa nayo sebuleni na kalamu nyekundu.

12,640. Mwezi unaofuata 12,910. Halafu 12,755. Ndiyo maana sikuwahi kushtuka: bei ni ya dola, kila mwezi inakuja na sura nyingine. Kumbe ni programu ya kupamba picha niliyoipakua kwa ajili ya kipaimara cha binti yangu, "jaribu bure siku 7". Nilishaifuta zamani! Ndipo nikajua kuifuta kwenye simu si kujitoa. Mpaka uingie Play Store, ubonyeze picha yako pale juu, uende Malipo na usajili, utafute Usajili, ughairi humo. Kujiunga ilikuwa kidole kimoja. Na kadi ikishahifadhiwa huko hakuna anayekuuliza namba ya siri tena, wanachota tu.

Hiyo ningeimeza. Ya mama yangu ndiyo imenikaa kooni.

Yuko Kondoa, ana kitochi. Nikimrushia vocha ya 2,000, siku kumi hazifiki ananipigia kwa simu ya jirani: "Mwanangu, vocha simu imeila." Nami namjibu apunguze maongezi na mama mdogo! Pasaka nimeenda, nikafungua meseji zake. Kila siku saa 12 asubuhi, dondoo za mapenzi. "Mfanye mpenzi wako akukumbuke leo." Bibi wa miaka 71! Shilingi 200 kwa siku, 6,000 kwa mwezi, kisa mjukuu alibonyeza 1. Huduma kwa wateja wananiambia, "Kaka, mteja alijiunga mwenyewe." Mteja yupi, wakati bila miwani hasomi, na miwani yenyewe ilivunjika mwaka juzi? Nimepiga mara nne ndipo wakamtoa. Hela iliyokwishaliwa hawarudishi. TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, nao ukitaka kulalamika kwao lazima uanze na kampuni ya simu kwanza, basi nimeiandikia kampuni, nasubiri.

Sasa kwenye ile taarifa ya benki kuna mstari mmoja umenishinda. 8,300 kila tarehe 27, jina ni herufi na namba tu. Simu yangu nimepekua, ya mama watoto nimepekua. Kijana wangu wa kidato cha pili anaapa si yeye (namtilia shaka, anaangalia mpira sana huyu). Benki wanasema dawa ni kufunga kadi na kulipia nyingine. Yaani mwizi kaingia, kitasa nibadilishe mimi kwa hela yangu!

Aliyewahi kulitoa kato la namna hii bila kubadilisha kadi anijuze haraka. Leo tarehe 24.