Je, tudai maambukizi ya hospitalini yatokomezwe, au tudai yapungue tu?

Mpwa wa Tandika aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Miezi miwili iliyopita mama yangu mdogo alilazwa katika hospitali moja ya hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, kwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama, na siku ya nne aliruhusiwa kurudi nyumbani akitembea mwenyewe. Siku ya tisa kidonda kikaanza kuvimba na kutoa usaha. Tulimrudisha, akalazwa siku 16 nyingine, akabadilishiwa dawa mara mbili kwa sababu majibu ya maabara yalionyesha kwamba vimelea vilikuwa sugu kwa dawa ya kwanza. Sasa anaendelea vizuri, ingawa meza yake ya vitenge sokoni imelala, na gharama za kulazwa mara ya pili zimezidi zile za upasuaji.

Sikuja kumlaumu muuguzi wala daktari yeyote. Mimi na ndugu wa wagonjwa wengine watatu, tuliokutana wodini tukiwa na mkasa unaofanana, tunataka kumwandikia barua mganga mfawidhi, na nakala iende kwa bodi ya hospitali. Tumekwama kwenye neno moja. Wenzangu wanataka tuandike kwamba maambukizi haya "yatokomezwe", ilhali mimi naona neno hilo litachekwa, kwani hospitali ndipo wagonjwa wanapokusanyika na vimelea haviwezi kwisha. Tudai nini hasa?

Kuna jambo jingine, ambalo huenda halina uzito: jioni ya kuamkia upasuaji tuliagizwa tulete wembe. Niliununua duka la nje ya geti, na mgonjwa akanyolewa usiku uleule.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Mwanangu, mpe mama mdogo pole zangu. Naanza na hilo unalodhani halina uzito, kwa sababu mimi mwenyewe nimenyoa wagonjwa kwa wembe kwa miaka mingi nikiamini kwamba ninawasafisha. Wembe huacha michubuko midogo ambayo jicho halioni, na ukinyoa usiku, vimelea vya ngozi hupata saa nyingi za kuzaliana humo kabla ya kisu kupita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji unasema nywele ziachwe zilivyo, na kama ni lazima ziondolewe, zipunguzwe kwa mashine ya kukatia. Wembe usitumike, iwe wodini au katika chumba cha upasuaji. Siwezi kusema kwamba wembe wako ndio uliomwambukiza mama mdogo, maana hakuna anayeweza kulithibitisha hilo sasa. Hata hivyo, ombi la kufuta wembe kwenye orodha ya mahitaji ya mgonjwa haliigharimu hospitali chochote, kwa hiyo liwekeni mwanzoni mwa barua.

La pili ni dawa ya kinga, yaani antibiotiki anayopewa mgonjwa ili kidonda kisipate maambukizi. Kwa upasuaji unaohitaji dawa hiyo, mwongozo huohuo unataka itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa nia ya kukinga tu. Sisi tulizoea kinyume chake: dawa inachelewa, kisha mgonjwa anaendelea nayo siku tano au saba "kwa usalama". Usalama huo haupo, na kinachoongezeka ni usugu.

Na mikono. Wengi hudhani muuguzi hanawi kwa sababu ya uzembe, lakini muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa zaidi ya thelathini na sinki moja mwisho wa korido hawezi kulifuata sinki hilo kila anapohama kitanda. Kunawa vizuri kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60, bila kuhesabu mwendo. Kitakasa mikono chenye spiriti, kikiwa kimening'inia kitandani, huchukua sekunde 20 hadi 30. Hospitali kuu ya Geneva, chini ya Profesa Didier Pittet, ilisogeza kitakasa karibu na mgonjwa na kufanya kampeni ya miaka kadhaa. Usafi wa mikono ulipanda kutoka asilimia 48 mwaka 1994 hadi asilimia 66 mwaka 1997, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini walishuka kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998. Tazama, hata huko theluthi moja ya nafasi za kusafisha mikono zilipotea, na bado watu walipona.

Mzee wa Ubungo alijibu:

Nawaheshimu nyote, lakini Geneva siyo Dar es Salaam. Mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji, tulikuwa tukipeleka madumu ya maji wodini pamoja na chakula cha mgonjwa. Ziko wodi ambazo wagonjwa hulala wawili kitanda kimoja, na mama anayekwenda kujifungua huambiwa aje na glavu zake. Mtu wa namna hiyo umwambie habari za kutokomeza?

Hofu yangu kubwa, hata hivyo, ni nyingine. Nimekaa kwenye utumishi wa umma muda mrefu na ninajua lengo la sifuri linavyotekelezwa. Mkubwa akitaka sifuri, ataletewa sifuri mezani. Kidonda kitaandikwa "kimechelewa kupona", usaha utaitwa "majimaji", na barua yenu itakuwa imeziba macho ya hospitali badala ya kuyafumbua.

Mtunza Takwimu alijibu:

Hoja ya Mzee wa Ubungo kuhusu kuficha ni nzito kuliko ile ya maji, na ndiyo iliyonifanya niandike. Nafanya kazi ya kumbukumbu za wagonjwa, ingawa si katika hospitali mnayoizungumzia.

Sifuri yenyewe siyo ndoto. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya mradi ulioongozwa na Dakta Peter Pronovost katika vyumba 103 vya wagonjwa mahututi, vingi vyake katika jimbo la Michigan, Marekani. Walilenga aina moja tu ya maambukizi, yale yanayoingia kwenye damu kupitia mipira myembamba inayopitishwa kwenye mishipa mikubwa ya damu, wakasimamia mambo matano: kunawa mikono, kujifunika na kumfunika mgonjwa kikamilifu, kusafisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vimelea), kuepuka mshipa wa paja, na kuondoa mpira usiohitajika tena. Kiwango cha kati kilikuwa maambukizi 2.7 kwa kila siku 1,000 ambazo wagonjwa walikaa na mpira, na baada ya miezi mitatu kilikuwa sifuri. Kwa hiyo neno "kutokomeza" lina mahali pake, ila lifungwe kwenye aina ya maambukizi inayotajwa kwa jina. Ukidai vimelea vyote vitoweke hospitalini, hapo ndipo utachekwa.

Sasa turudi kwa mama mdogo. Maambukizi ya kidonda cha upasuaji kama wake hufuatiliwa hadi siku ya 30. Yeye aliondoka siku ya nne. Kama hospitali inahesabu walio wodini tu, katika daftari la mwezi ule yeye ni upasuaji uliofanikiwa, na aliporudi huenda aliandikwa kama mgonjwa mpya. Hakuna aliyeficha chochote, na bado hayumo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 katika kila 100 wanaolazwa kwa matibabu ya dharura na ya muda mfupi hupata angalau ambukizo moja humo hospitalini, dhidi ya 7 katika nchi tajiri. Hilo ni kadirio la dunia. La wodi ile litajulikana siku wodi ile itakapohesabu.

Ningekuwa ninyi, dai kuu la barua lingekuwa hili: kila aliyepasuliwa apigiwe simu siku ya 30 na kuulizwa maswali machache kuhusu kidonda, na idadi ya kila mwezi ibandikwe kwenye ubao wa wodi, ikiwa imepanda au imeshuka.

Muuguzi Mstaafu aliongeza:

Naunga mkono, kwa sharti moja. Andikeni waziwazi kwamba idadi hiyo isitumike kumwadhibu muuguzi wa zamu. Akijua kwamba kidonda chenye usaha kitamletea barua ya onyo, utabiri wa Mzee wa Ubungo utatimia ndani ya wiki mbili.

Na sisi ndugu tujitazame pia. Saa za kuona wagonjwa utakuta watu wanne wamekalia kitanda kimoja, na shangazi mmoja anafunua bandeji "aone kidonda kinavyoendelea" kwa mkono uliotoka kushika nguzo ya daladala.

Mpwa wa Tandika alijibu:

Shikamooni wazee wangu, na ahsante sana Mtunza Takwimu. Shangazi huyo namfahamu, alikuwa wa kwetu.

Tumekubaliana barua iwe na mambo matatu: wembe ufutwe kwenye orodha, kitakasa mikono kiwekwe kwenye kila kitanda, na wagonjwa wa upasuaji wapigiwe simu siku ya 30 kwa sharti alilolitaja Mama Muuguzi. Neno "kutokomeza" tumelibakiza kwa vidonda vya upasuaji peke yake. Mwenzetu mmoja ameuliza nani atalipia vocha za simu hizo, nami sikuwa na jibu.

Mtunza Takwimu alijibu:

Chukua bei ya dakika tatu za simu, uiweke kwenye barua kando ya risiti ya siku 16 za mama mdogo. Mwachie mganga mfawidhi azisome zote mbili.