Promota wa Chake anasema sisi ndio tunaodaiwa, nifanyeje?

Fidla wa Kikwajuni
Assalaamu alaykum wana jamvi. Naomba ushauri, na wenye kejeli wazipunguze, nimeshachekwa vya kutosha nyumbani.

Napiga fidla na ndimi msimamizi wa kikundi chetu cha taarab, watu tisa. Idi hii tulialikwa Chake Chake, Pemba. Makubaliano yalikuwa kwa sauti za WhatsApp, bado ninazo: 1,500,000 za uhakika, au asilimia 60 ya mlango (fedha za tiketi) baada ya gharama, ile itakayokuwa kubwa. Boti na malazi analipa promota. Akatanguliza 700,000, tukavuka.

Onyesho lilikwenda vizuri hadi saa nane za usiku. Tunafunga vyombo, akaniita nje, akafungua daftari la skuli juu ya boneti ya gari, mimi namshikia tochi ya simu. Tiketi 214 kwa 10,000, jumla 2,140,000. Gharama 1,690,000: ukumbi, vipaza sauti, jenereta, mabango, walinzi, chakula, na humo humo 360,000 za boti yetu! Zimebaki 450,000, asilimia 60 yake ni 270,000. Akafunga daftari. "Ustadh, mlishachukua 700,000, kwa hivyo nawadai 430,000. Lakini nawasamehe, ni Idi."

Kuna na tuzo. Watu walimtuza muimbaji wetu mpaka noti zinaanguka chini, kijana wa promota akawa anaziokota na kuzitia kwenye kikapu cha ukindu. Zilihesabiwa mbele yangu, 386,000. Akasema hayo ni mapato ya mlango, na kwenye daftari lake hazimo!

Viti nilivihesabu, 300, vyote vilijaa. Nataka nirudi Chake nikadai vishina vya tiketi. Mnasemaje?

Pweza wa Nazi
Mlipanda jukwaani hamjamaliziwa? Sisi huku kwenye kidumbaki, taarab ya ngoma ndogo ndogo, kama fedha haijafika mkononi, vyombo havitoki kwenye mifuko. Pole lakini.

Bi Hesabu
Kaka Fidla, usipande boti kwa ajili ya vishina. Kaa chini nikuoneshe.

Tuseme viti 300 vyote vililipiwa. Ni 3,000,000. Tuondoe boti kwenye gharama maana ilikuwa juu yake, zinabaki 1,330,000. Salio ni 1,670,000, na asilimia 60 yake ni 1,002,000. Bado haijafika 1,500,000! Ili asilimia yenu iipite ile ya uhakika, ziuzwe tiketi zaidi ya 383. Ukumbi wenyewe una viti 300. Sasa unakwenda kugombea vishina vya nini?

Deni lako halihusiani na nani aliingia na nani hakuingia. Ni 1,500,000 toa 700,000: 800,000. Fedha ya uhakika maana yake hasara ya mlango ni ya aliyeandaa. Yeye amefanya hesabu ya asilimia peke yake, akalisahau neno "kubwa". Ukimfuata kwa hoja ya tiketi utakuwa umeingia kwenye daftari lake, na humo atakushinda.

Na akikwambia kakata kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa, mwambie akupe cheti cha makato. Bila cheti hicho, hiyo ni fedha yako bado iko mfukoni mwake.

Naandaa Maonyesho
Mimi niko upande wa pili, naomba nisikilizwe. Mtu anakodi jenereta, mvua inanyesha Magharibi, watu hawaji, na wanamuziki wanataka zao. Inauma. Huyo bwana huenda kweli hana kitu. Lakini aliyeahidi ni yeye. Kuweka boti kwenye gharama baada ya kusema ni juu yake, huo si ungwana. Nikushauri umpe nafasi ya kulipa mara mbili au tatu, ukimkaba koo atazima simu.

Mkongwe wa Malindi
Mwanangu, mimi nimeanza kushika ganuni, kile kinanda cha nyuzi, wewe hujazaliwa. Kuna vikundi tuzo ni ya muimbaji, kuna vikundi inaingia sanduku la chama. Wanagombana humo kwa humo, sawa. Kuwa ya promota, hilo sijaliona. Mtu aliyeinuka kwenye kiti chake na noti ya elfu kumi hakumtuza promota. Hizo 386,000 zidai mbali, usizitie kwenye 800,000 hata kidogo, atakupiga chenga.

Fidla wa Kikwajuni
Bi Hesabu, nimesoma mara tatu. Mimi hapa nilishajipanga na vishina, wallahi! Sasa akikataa je?

Bi Hesabu
Mwandikie ujumbe, usimpigie. Taja tarehe ya onyesho, kiasi mlichokubaliana, alichotanguliza, kilichobaki, na siku ya mwisho. Sauti zile zihifadhi mahali pengine pia, simu huibiwa. Akikaidi, nenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yake, kabla ya kufikiria mahakama. Watu wengi hulipa wakiona wataitwa mbele ya jirani zao.

Pweza wa Nazi
Na safari ijayo andikeni karatasi, hata ya mkono. Nani analipa boti, gharama zipi zinaingia, nani anashika tuzo, na kila upande uweke mtu wake mlangoni anayechana tiketi.

Fidla wa Kikwajuni
Wapendwa, mrejesho. Ujumbe nilituma Jumatatu, nikataja na sheha. Jana usiku imeingia 400,000 kwenye simu, anasema nusu nyingine mwisho wa mwezi. Vijana nimewagawia leo asubuhi, na muimbaji kapewa zaidi kidogo.

Nikamuuliza na tuzo. Kajibu: "Kikapu gani?"