Naomba ushauri: daktari anauliza pombe, mnazi unahesabiwaje?

Habari wadau. Niko Tanga, Pongwe. Nilimsindikiza mjomba kliniki ya presha, daktari akageukia pombe. Nilidhani watachukua damu tu, kumbe wanaanza na maswali. Yapo 10 ya Shirika la Afya Duniani, kila jibu alama 0 hadi 4, na jumla ikifika 8 ni dalili ya unywaji hatarishi. Unakunywa mara ngapi? Ukianza, huwa unashindwa kuacha? Kuna aliyekushauri upunguze? Kipimo cha ini kinasaidia, ila chenyewe hakitoshi.

Penye utata ni swali la kiasi. Wanahesabu vinywaji vyenye kama gramu 10 za kilevi. Bia sawa, chupa imeandikwa asilimia. Mnazi je? Wa asubuhi mtamu, wa jioni unakwaruza koo, na wazee wanazungushiana jagi moja la plastiki. Mjomba akajibu, "Viwili vitatu hivi, daktari." Mie nikatazama chini.

Sasa wenye uzoefu, hasa wahudumu wa afya: mnazi mnaukadiriaje? Na je, nikimfuata daktari pembeni nimweleze ukweli, nitakuwa nimemvunjia mjomba heshima?

Jingine, asubuhi mikono humtetemeka mpaka apate kidogo. Mkewe anataka aache leo leo. Mimi nakataa, aonane na daktari kwanza, maana aliyezoea hivyo akikata ghafla anaweza kupata degedege. Nisaidieni namna ya kumwelewesha huyu mama, hanisikii kabisa.